Majani Yaacheni, Sahani Ziosheni

Wajukuu zangu, kabla hamjanionyesha picha ya ndege kwenye simu, niambieni chombo anacholia chakula kilioshwa lini. Najua swali hili linawaudhi. Mmenunua nyumba Leicester, Northampton na Milton Keynes, kila nyumba na kipande chake cha bustani nyuma, na mwaka huu mmekuwa wapenzi wa ndege: mbegu za alizeti kwenye mirija, njugu karanga ndani ya wavu, mipira ya mafuta imening'inizwa kila tawi. Ni jambo jema, na wazazi wenu hawakuwa na muda nalo. Walikuwa zamu za usiku. Lakini Oktoba inakwisha, Jumapili hii saa zinarudishwa nyuma, na nimezunguka bustani zenu nikaona kitu ambacho nikikinyamazia nitakuwa nimewakosea. Mnafagia pasipotaka fagio, na uchafu mnauacha pale pale unapoua.

Nianze na huo unaoua.

Yuko chiriku mmoja wa nchi hii, wa kijani, mwenye mdomo mnene na utepe wa manjano bawani. Zamani alikuwa hakosi kwenye bustani yoyote. Mwaka 2005 ndege wa jamii yake walianza kuonekana wamejikunyata juu ya vyombo vya mbegu, manyoya yamefumuka, mdomo umelowa mate, wanatafuna na chakula hakishuki. Mwaka uliofuata ugonjwa ukalipuka. Kidudu chenyewe si kigeni. Kitaalamu huitwa Trichomonas gallinae, hukaa kooni mwa njiwa, na wafugaji wa njiwa wamekijua tangu zamani. Jipya lilikuwa kwamba sasa kinawashika chiriku. Husafiri kwa mate: ndege mgonjwa hutema mbegu iliyolowa, mwenzake huiokota, au hunywa kwenye bakuli, na mwingine hunywa baada yake. Pakavu hakidumu, ila penye unyevunyevu husubiri. Desemba 2021 chiriku wa kijani akaingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini Uingereza, baada ya zaidi ya nusu yao kupotea. Huku hakuna mtoto wa manati wala mtega ulimbo. Chiriku huyu ameuliwa na karamu.

Kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Chombo cha mbegu huoshwa kila wiki, na baridi si udhuru. Mbegu zilizobaki zimwagwe, msiongeze mpya juu ya za zamani. Kisuguliwe kwa brashi na maji ya moto yenye sabuni, kisuuzwe, kisha kikauke kabisa kabla ya kujazwa. Brashi na ndoo viwe vya kazi hiyo tu, na kazi ifanyiwe nje. Nimemwona mmoja wenu akisuuza mrija wa ndege kwenye sinki analooshea mchele, nami nikakataa chai. Kinyesi cha ndege kinaweza kubeba salmonela, na hiyo haichagui kati ya ndege na mtu. Mikono nayo ioshwe. Maji ya kunywa yabadilishwe kila siku. Vyombo bapa, vile vya meza, ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu mate, kinyesi na mbegu hukaa pamoja. Chombo kihamishwe mahali mara kwa mara, ardhi ya chini yake ipate kupumua. Na wekeni kidogo, kile watakachokimaliza kwa siku moja au mbili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa hawashiki jembe, kazi yote ni yenu.

Njugu nazo zina habari yake. Nyinyi mliokulia Kenya mnakumbuka mwaka 2004, Makueni na Kitui, mahindi yaliyooza yalipowafanya watu 317 waugue na kuwaua 125. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu. Ukungu ule ule hupenda njugu, na sumu ile ile huua ndege. Halafu naona mtu ananunua gunia la njugu za bei ya kutupa, zimekaa kibandani tangu mwaka jana, zina vumbi la kijani, anasema "hizi hatuli sisi, wapeni ndege." Ndege mdogo wa buluu na manjano anayekuja kwenye wavu wako ana uzito wa gramu 11 hivi. Sumu ambayo wewe ingekuuma tumbo tu, yeye haimwachi. Nunueni njugu zilizopimwa sumukuvu, wauzaji waaminifu huandika kwenye mfuko. Zisiwe na chumvi. Na muziweke ndani ya wavu wa chuma, ndege azidonoe kidogo kidogo, si kuzimwaga nzima.

Mtaniuliza kwa nini basi tuwalishe, kama chakula chenyewe ni hatari. Swali zuri, na sitaki mtoke hapa mkiwa na woga. Hesabuni. Kufikia katikati ya Desemba, jua la huku hutoka saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Ndege wa gramu 11 ana muda huo mfupi wa kutafuta chakula, na usiku wa karibu saa 16 wa kuchoma mafuta aliyoyaweka mchana ili asigande. Anaingia gizani mnene kidogo, anaamka amekonda. Akikosa chakula siku moja ya theluji, usiku wa pili huenda asiumalize. Baridi ya mwaka 1962 kuingia 1963, iliyogandisha nchi kwa wiki nyingi, iliua sehemu kubwa ya wale ndege wadogo wa kahawia wenye mkia wima. Kwa hiyo chakula chenu kina maana, hasa kile cha asubuhi na mapema na kile cha alasiri kabla ya giza. Ila chakula chenye maana ndicho kinachotaka adabu.

Tena kina nguvu kuliko mnavyodhani. Angalieni ndege mwenye kofia: kichwa cha dume ni cheusi juu, cha jike ni cha rangi ya hudhurungi. Ndugu zake wa mashariki ya Ulaya hupitisha majira ya baridi kwenye nyanda za juu za Kenya na Tanzania, kwa hiyo huenda mjomba wenu wa Lushoto anamwona bila kumjua. Wale wa Ujerumani na Austria wengi walikuwa wakienda kusini-magharibi, Hispania. Kuanzia miaka ya 1960 idadi yao iliyokuja kukaa Uingereza wakati wa baridi ikaongezeka, na walikuja bustanini. Mtaalamu wa Ujerumani, Peter Berthold, pamoja na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba makinda wa hao wanaokuja Uingereza hurithi mwelekeo huo kwa wazazi wao. Mwaliko wa bustani za watu, pamoja na baridi iliyopungua makali, umebadilisha njia ya ndege kwa vizazi. Mwenye uwezo wa kugeuza safari ya kiumbe hawezi kusema sahani si neno.

Sasa fagio.

Najua tumelelewaje. Kwetu pwani, uwanja usiofagiwa alfajiri ni aibu ya mwenye nyumba, na kule tulikuwa na sababu: chini ya majani huweza kulala nyoka, na mtoto anatembea peku. Huku nyoka wa sumu ni aina moja tu, na mimi sijamkuta bustanini mwa mtu Leicester. Lakini fagio tumelibeba hadi hapa. Zaidi ya hayo, mnaogopa jirani Mwingereza atasema watu hawa hawafagii. Nimetunza uwanja wa shule mpaka nikastaafu, na majani niliyafagia kwa mshahara. Njia ya watoto hufagiwa, kwa kuwa majani yaliyolowa huteleza. Ngazi hufagiwa. Mfereji wa maji husafishwa. Nyasi huondolewa majani mazito yasizibane. Chini ya ua wa miti na kwenye vitanda vya maua, waacheni wenyewe walale.

Wenyewe ni nani? Malkia wa nyuki-bambi, yule mnene mwenye manyoya, ndiye pekee katika kundi lake anayevuka mwaka. Wafanyakazi wote na madume hufa, naye hujichimbia udongoni peke yake mpaka joto lirudi. Ukimfukua, umefukua kundi zima la mwaka ujao. Wadudu-kobe wekundu wenye madoa hujibana ndani ya mabua matupu, wamesongamana. Vyura hulala chini ya magogo. Na juu ya yote hayo yuko mkesha mweusi mwenye mdomo wa manjano, anayepekua majani kwa kishindo mpaka ukadhani ni mtu anatembea. Mwezi huu hupata wenzake kutoka Skandinavia, mikesha wenye kwapa jekundu, wanaovuka Bahari ya Kaskazini usiku. Ukitoka nje usiku wa Oktoba wenye ukimya utasikia mlio wao mwembamba angani hata mjini. Asubuhi wana njaa. Mwenye mtofaa asiokote matofaa yote yaliyoanguka. Hayo yaliyooza upande mmoja, ambayo nyinyi hamli hata mkilipwa, ndiyo wanayoyataka.

Mti mtambaazi ule mnaouchukia ukutani, aivi, msiukate sasa. Hutoa maua wakati maua mengine yote yamekwisha, ndiyo maana mnaona nyuki na nyigu wamejaa juu yake mpaka Novemba. Matunda yake meusi huiva mwishoni mwa baridi, pale ambapo vichaka vingine vimeshakuwa vitupu. Na vichwa vya alizeti vilivyokauka visimame. Chiriku mwenye uso mwekundu atavimaliza yeye, bure, na bila chombo cha kuosha.

Ari ya usafi imewahi kutugharimu hata kwetu. Miaka ya 1890 kunguru wa India waliletwa Unguja ili wasafishe taka za mji. Walisafisha, kisha wakaanza kushambulia viota vya ndege wadogo, wakavuka hadi bara, na leo Dar es Salaam na Mombasa wanawatafutia sumu na mitego. Waingereza nao wana wa kwao: kindi wa kijivu, aliyeletwa kutoka Marekani na kuachiwa Cheshire mwaka 1876 kwa sababu bwana mmoja alimwona anapendeza. Amembebea kindi mwekundu, mwenyeji, virusi vya ndui ambavyo yeye mwenyewe havimdhuru, na mwekundu ametoweka karibu Uingereza yote ya kusini. Yule mnayempiga picha akizika njugu zenu ndiye huyo. Sisemi mumfukuze, hamtamweza. Nasema tu mjue mnamtazama nani.

Kalunguyeye nimemwekea fungu lake, maana yeye ndiye anayeumizwa zaidi na wema wenu. Mwaka 2020 aliingia orodha nyekundu ya wanyama wa Uingereza. Kuanzia Novemba hivi mpaka Machi hulala usingizi mzito, na ili aufikie lazima awe amenenepa. Msimpe maziwa na mkate. Maziwa ya ng'ombe humharisha, na kalunguyeye anayeharisha Oktoba hafiki Machi. Mpeni chakula cha paka cha nyama, na maji. Ukimwona anazurura mchana wakati wa baridi, huyo si wa kupigwa picha, ni mgonjwa; pigieni simu wanaookoa wanyama. Uzio wenu mpya wa mbao umemfungia dunia, kwani kwa usiku mmoja hutembea bustani nyingi. Toboeni tundu chini, sentimita 13 kwa 13, panamtosha yeye na hapamtoshi mbwa wa jirani. Na tarehe 5 Novemba, Waingereza wanapowasha moto kukumbuka njama ya baruti ya 1605, nyinyi nanyi huwa hamtaki kupitwa. Lundo la kuni lililokaa wiki nzima ni nyumba tayari: kuna majani, kuna joto, hakuna upepo. Lijengeni siku ile ile ya kuliwasha. Kama lilishajengwa, lihamisheni lote kabla ya kiberiti, na muwashe upande mmoja, ili aliyemo apate pa kutokea.

Paka wenu, jioni na alfajiri awe ndani. Hilo sina maelezo nalo, mnalijua.

Visanduku vya viota nivisemee, kwa sababu hapa fagio ndilo linalotakiwa na hamligusi. Sheria ya wanyamapori ya 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika, kwa hiyo ngojeni makinda wawe wamekwenda. Sasa wamekwenda. Toeni kiota cha zamani, mwageni maji yanayochemka ndani kuua viroboto, bila dawa ya kupuliza, kisha kikaushwe na kirudishwe ukutani. Wengi hudhani sanduku ni la masika tu. Wakati wa baridi ndege hulala humo. Mwaka 1969, huko Norfolk, ndege wa mkia wima 61 walihesabiwa katika sanduku moja, wamebanana wapashane joto. Katika sanduku lenye viroboto na uchafu wa mwaka jana mtawalaza ndege wangapi?

Halafu kuna kutazama kwenyewe. Mnaniambia robini wenu, mwenye kifua chekundu, ni rafiki, anawajua, ni yule yule wa miaka yote. Kulikuwa na mwalimu wa shule huko Dartington, Devon, aitwaye David Lack, aliyewafunga robini pete za rangi miguuni miaka ya 1930 ili amtambue kila mmoja, na mwaka 1943 akatoa kitabu juu yao. Aligundua kwamba wengi hawafikishi umri mrefu, mwaka na kidogo, na aliyekuja kushika bustani baada ya mwenzake kufa ni mgeni aliyevaa sare ile ile. Aligundua pia kwamba fungu la manyoya mekundu, bila kichwa wala mkia, linatosha kumpandisha robini hasira alishambulie. Wimbo ule mtamu mnaousikia Novemba chini ya taa ya barabarani ni hati ya kiwanja: hapa pangu, pita mbali. Jike naye huimba majira haya, ana kiwanja chake. Sijawaambia haya ili niwavunje moyo. Nataka muweke simu chini dakika kumi mtazame anamfukuza nani, anakunywa wapi, nani kajikunyata pembeni bila kula. Ugonjwa niliousema mwanzo hauonekani kwenye picha iliyokuzwa na kupambwa. Huonekana kwa anayejua ndege mzima hukaaje.

Kutazama kwa subira kumewahi kutegua mafumbo makubwa. Mbayuwayu walioondoka Septemba, watu wa nchi hii walibishana kwa karne kama wanasafiri au wanajificha. Hata Gilbert White, kasisi wa Selborne ambaye kitabu chake cha 1789 bado kinasomwa, hakuacha kushuku kwamba baadhi hujificha hapa hapa. Mwezi Mei 1911, bwana mmoja wa Cheadle, Staffordshire, jina lake John Masefield (si yule mshairi), alimfunga mbayuwayu pete mguuni. Desemba 1912 ndege yule akashikwa kwenye shamba huko Natal, Afrika Kusini. Pete moja ikamaliza ubishi.

Nanyi mnaweza kuchangia. Wikiendi ya mwisho ya Januari, tangu mwaka 1979, shirika la kulinda ndege, RSPB, huwaomba watu wahesabu ndege wa bustani kwa saa moja. Anayeongoza hesabu hizo kwa miaka mingi ni shomoro, ambaye ndugu zake mnawajua Mombasa na Unguja, na hata yeye amo katika orodha nyekundu. Kaeni dirishani na watoto, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, muandike mlichokiona na sio mlichotamani kukiona. Kama ndege ni wawili, andikeni wawili.

Na ikitokea mmemwona chiriku aliyefumuka, mate mdomoni, asiyeruka hata mkimkaribia, siku hiyo hiyo teremsheni kila kitu. Mbegu, njugu, mafuta, bakuli la maji. Osheni, kausheni, wekeni kibandani kwa wiki mbili walau, na zaidi kama wagonjwa bado wanaonekana. Ndege watatawanyika watafute pengine, na kutawanyika ndiyo dawa. Watoto watalia kwamba bustani imekuwa kimya. Waacheni walie, na muwaonyeshe aivi na vichwa vya alizeti mlivyokubali visimame; huko watawaona bado.

Mabua myakate Aprili, joto likishakaa siku kadhaa mfululizo. Hata hapo msiyatie kwenye pipa la baraza la mji. Yalazeni nyuma ya kibanda wiki mbili tatu, aliyechelewa kuamka apate kutoka. Jirani akiuliza kuna nini hapo nyuma, mwambieni mzee amekataza.